Shangazi, mwanangu kapata Mlimani, lakini kozi yenyewe ya kuigiza!

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mjane, naishi Muheza, Tanga. Mume wangu alifariki binti yetu mkubwa akiwa kidato cha pili, na tangu hapo nimewalea watoto watatu kwa biashara ya machungwa. Nanunua yakiwa bado mtini, nachuma, napakia kwenye magari ya Dar es Salaam na mengine yanayovuka kwenda Kenya. Msimu ukiisha nauza vitenge. Hatujalala njaa, namshukuru Mungu, ila akiba yangu yote ni kikoba pamoja na kiwanja kimoja alichoacha marehemu.

Binti huyu kamaliza kidato cha sita, mchepuo wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, kapata daraja la pili. Majina yalipotoka akawa amechaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani. Nikapika pilau, nikaita majirani, tukasoma dua. Jioni akaja shemeji yangu, baba mdogo wake, ambaye ndiye aliyeahidi kubeba nusu ya gharama. Akaomba simu aone kwa macho yake. Ndipo tukasoma wote: shahada ya sanaa za maonesho. Shemeji akauliza, "Maonesho gani, Sabasaba?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Binti akaeleza kwamba watasoma kuigiza, kuongoza michezo ya jukwaani na kuandika tamthiliya. Kumbe wakati wa kuomba chuo hiyo ndiyo aliyoiweka chaguo la kwanza, ualimu akauweka la tatu, wala hakuniambia. Shemeji aliondoka kaacha chai nusu kikombe. Tangu siku hiyo kauli yake ni moja: ahamie ualimu au sheria, vinginevyo hatoi hata shilingi, maana hawezi kumsomesha mtoto wa marehemu kaka yake aende kukata viuno mbele za watu.

Na mimi nina hofu zangu, Shangazi. Ya kwanza ni kazi. Nani anamwajiri mwigizaji? Hao tunaowaona kwenye televisheni wengi hawakusomea popote. Ya pili ni maadili. Mwanangu kavaa hijabu tangu darasa la kwanza. Akiambiwa avue kwa sababu mchezo unataka hivyo? Akiambiwa amkumbatie mwanamume? Nasikia mazoezi yao ni ya usiku. Ya tatu ni fedha. Bodi ya Mikopo imempa, lakini pungufu. Sehemu ya ada imebaki juu yangu, na pesa ya kula haitoshi mwezi.

Lakini pia sitaki kuwa mwongo. Siku ya mahafali shuleni kwao walicheza mchezo, yeye akiwa bibi mzee anayedhulumiwa shamba na wanawe. Alifunga khanga yangu kifuani, akashika mwiko wa ugali kama mkongojo, na kila alipotaka kukaa alianza kwanza kulipapasa goti la kushoto, hivi, polepole. Marehemu mama yangu alikuwa akifanya vilevile. Huyu mtoto alikuwa mdogo sana bibi yake alipofariki, sijui aliona lini. Mama mmoja jirani yangu pale kwenye kiti alilia mpaka akatoka nje.

Sasa yuko nyumbani, hagombani na mtu. Anaosha vyombo huku midomo inacheza, usiku anasema peke yake chumbani mpaka mdogo wake anagonga ukuta. Amesema kwa adabu kabisa kwamba hatahama. Chuo kinafunguliwa mwezi huu. Nimlazimishe? Niuze kiwanja nimsomeshe mwenyewe? Na huyu shemeji nimwambieje bila kuvunja undugu?

Mama wa Machungwa, Muheza

*

Marahaba, mdogo wangu.

Nianze na kiwanja kabla hujakipeleka kwa dalali: usikiuze. Hakuna shahada ya miaka mitatu katika chuo cha umma inayostahili kuwaacha wadogo zake bila pa kujenga, iwe ya maigizo au ya udaktari. Fedha tutazitafuta kwingine, nitakueleza mwishoni. Kuhusu binti, jibu langu ni mwache aende, tena kwenye kozi aliyoichagua, ila asiende bure bure. Awe na masharti.

Ujue pia kwamba nina upande. Kozi hiyo niliisoma mimi mwenyewe, hapohapo Mlimani, na imenilisha. Kwa hiyo nipime maneno yangu ukilijua hilo.

Hicho kichekesho cha Sabasaba shemeji yako si wa kwanza kukitoa. Watu wengi wanadhani mtoto anakwenda kufundishwa kulia machozi ya uongo. Kuigiza kupo, na ni kazi ngumu: mwili, pumzi, sauti ifike kiti cha nyuma bila kupiga kelele. Lakini hiyo ni sehemu tu. Atasoma uongozaji, uandishi wa tamthiliya, ubunifu wa jukwaa na mavazi, ngoma za asili, filamu na televisheni, sanaa za maonesho kwa watoto, usimamizi wa kazi za sanaa, na historia na nadharia ambazo zinahitaji kukaa maktaba kama mwanafunzi yeyote wa historia. Mchana ana vipindi na insha, jioni ana mazoezi. Wanaodhani ni kozi ya mteremko hushtuka muhula wa kwanza.

Na kuna tawi moja ambalo nadhani ungelipenda wewe kama mama, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Kati ya 1982 na 1983 walimu wa idara ya sanaa hapo Mlimani, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda kijiji cha Malya, Kwimba, mkoani Mwanza. Hawakwenda na mchezo ulioandikwa Dar es Salaam. Walikaa na wanakijiji, wakauliza nini kinawasumbua, na jambo lililojitokeza ni mabinti kupata mimba wakiwa shule na vijana kukaa bila shughuli. Vijana wa palepale ndio waliotengeneza maigizo na ngoma, kwa lugha na mtindo wao, wakacheza mbele ya wazazi wao. Mchezo ukiisha, ndiyo mkutano umeanza: nani alaumiwe, nani afanye nini. Hebu fikiria mkutano wa kijiji ambapo binti wa miaka kumi na sita anasema mbele ya wazee jambo ambalo nyumbani angechapwa kwa kulitamka, na hachapwi, kwa sababu aliyesema ni mhusika, si yeye.

Mwaka 1996, kutokana na kazi kama hizo, idara ilianzisha mradi wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana wanachambua wenyewe kinachowakwamisha kimasomo, wanakigeuza mchezo, wanauonesha mbele ya walimu na wazazi, halafu wanafuatilia kama kilichoahidiwa kimefanyika. FAWE, jumuiya ya wanawake waelimishaji wa Afrika, ikauchukua na kuupeleka nchi nyingine barani. Mimi nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Wasichana waliigiza choo cha shule kisicho na mlango, mmoja kasimama kashika kipande cha khanga kama pazia, wenzake wanapokezana. Mkuu wa shule alikuwa amekaa mstari wa mbele. Hakukuwa na hotuba yoyote baada ya pale, na mlango ulipatikana.

Hiyo ndiyo kozi ambayo shemeji anaiita kukata viuno.

Tuje kwenye kazi, na hapa sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hakuna ofisi inayomsubiri mhitimu wa sanaa za maonesho. Nafasi za serikali zipo, kwa mfano maafisa utamaduni kwenye halmashauri, ila ni chache na zinagombewa. Wengi wanaishi kwa kuunganisha vipande: mashirika ya afya na haki za wanawake yanayohitaji watu wa kuelimisha jamii, vipindi vya redio na televisheni, uandishi wa miswada, kufundisha watoto kwenye shule binafsi, kuendesha matamasha. Wewe umri wako unaikumbuka Twende na Wakati ya Radio Tanzania, iliyoanza 1993. Mkwaju yule dereva wa lori! Watu walikuwa wanapanga ratiba za kupika kwa ajili ya Mkwaju. Watafiti waliacha kuirusha kwanza upande wa Dodoma ili walinganishe wanaosikiliza na wasiosikiliza, wakaona mchezo wa redio umebadilisha namna watu wanavyojadili uzazi wa mpango na UKIMWI. Nyuma ya Mkwaju kulikuwa na watu wanaoandika, wanaoongoza, wanaochagua sauti. Kazi za namna hiyo bado zipo, na mara nyingi hazitangazwi gazetini. Zinapatikana kwa kujulikana kwamba unaweza.

Kwa hiyo sharti la kwanza kwa binti: asisubiri kuhitimu. Kuanzia mwaka wa kwanza ashiriki kila mchezo unaotafuta watu, hata kama kazi yake ni kushika taa au kupiga pasi mavazi. Wakati wa fildi, yale mafunzo ya kazini, asitafute ofisi ya karibu na kwa shangazi yake ili asaini mahudhurio, aende kwenye kituo cha redio au shirika linalofanya sanaa shirikishi, hata mkoani. Kila mwaka atoke na kitu cha kuonesha: mswada, rekodi, picha za mchezo aliouongoza. Ajifunze pia kuhariri video na kuandika andiko la mradi, maana anayejua kuandika bajeti halali njaa katika kazi hizi. Nimeona waigizaji wazuri kupita kiasi wakikaa nyumbani, na wa wastani wakipata kazi kila mwezi, tofauti ikiwa ni kujibu simu na kufika saa iliyosemwa.

Sharti la pili ni mlango wa akiba. Kozi za Kiswahili na fasihi pale zinaporuhusiwa, achukue. Akimaliza na bado anataka ualimu, au maisha yakimlazimisha, ipo Stashahada ya Uzamili ya Elimu, mwaka mmoja, hata Chuo Kikuu Huria wanayo. Mlango wa ualimu haufungwi na kozi hii. Na shemeji anayeuona ualimu kama ajira ya uhakika, mwombe ahesabu walimu wenye shahada wanaoendesha bodaboda hapo Muheza mjini wakisubiri majina yatoke.

Wapo watakaokuambia mpeleke TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni ya Bagamoyo, ni karibu na gharama nafuu. Ni chuo kizuri, kipo tangu 1981, na kwa ngoma na muziki wa vitendo huwezi kukibeza. Lakini kinatoa astashahada na stashahada. Mtoto mwenye daraja la pili la HKL aliyekwisha kupata nafasi ya shahada, sioni sababu ya kumrudisha huko sasa. Likizo ikifika, kama nauli ipo, aende kwenye tamasha lao ajifunze kwa macho.

Maadili. Mdogo wangu, wewe ni mtu wa Tanga! Huo ndio mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu, mji uliomtoa Shakila mwimbaji, na bibi zetu walikaa vibarazani na khanga zao wakaimba pamoja naye, wala hakuna aliyeacha kuwa mama wa heshima. Jukwaa halijawahi kuwa kitu kigeni kwetu. Lililo geni ni cheti tu.

Hijabu nayo isikunyime usingizi. Nimeona wanafunzi wakicheza na mitandio yao, na mwongozaji anayejua kazi anapanga vazi linaloendana na mhusika na linalomsitiri mchezaji. Jambo la muhimu ni aseme mapema. Amwambie mwalimu wiki ya kwanza ya mazoezi: hiki nafanya, hiki sifanyi. Anayesubiri mpaka siku ya onesho ndiye anayeonekana msumbufu. Kuhusu kipi ni halali na kipi si halali, hilo kaa na binti yako na mtu wa elimu ya dini mnayemwamini, mimi si mufti. Mazoezi ya usiku ni kweli yapo, hasa onesho linapokaribia. Apange hosteli ya chuo akipata nafasi, kwa sababu hiyo tu ya kutotembea mbali gizani, na warudi kwa kundi.

Hatari ninayotaka uiogope ni nyingine, na haimo kwenye mchezo wenyewe. Ni mtu mwenye cheo, awe wa darasani au wa kampuni ya filamu, anayemwita binti peke yake kwa ajili ya "nafasi" au "alama". Hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2007, na inaripotiwa TAKUKURU, namba 113 bila malipo. Usidhani ukimhamishia sheria au ualimu utakuwa umemkimbiza nayo, haichagui kozi. Kaa naye, mwambie waziwazi, bila kuzunguka. Usaili wa waigizaji unafanyika mchana, mahali pa wazi, na mtu mwingine yupo. Ukiitwa hotelini usiende. Na mwambie jambo ambalo mabinti wengi hawaambiwi: likimkuta, aje kwako kwanza, hutamuuliza alikuwa amevaa nini.

Sasa shemeji. Kosa moja la binti ni kweli lipo: alificha. Mtu anayetoa nusu ya gharama alikuwa na haki ya kujua kabla ya pilau. Kwa hiyo wa kwenda kwake ni binti mwenyewe, na wewe umsindikize, ukae kimya. Aanze kwa kuomba radhi kwa kuficha, asiombe radhi kwa kozi. Halafu aeleze mpango wake, hayo masharti niliyoyataja, akiwa ameyaandika kwenye karatasi kwa mwandiko wake. Wanaume wa umri wa shemeji yako wanaheshimu karatasi. Asimalizie kwa kulia wala kwa kusema "ni ndoto yangu". Aseme mwaka wa kwanza ukiisha atamletea matokeo, na amwalike aje aone onesho lao moja. Kama bado ana kitabu cha Kinjeketile alichosoma sekondari, ampe. Ni tamthiliya ya Vita vya Majimaji iliyochapwa 1969, na mwandishi wake, Ebrahim Hussein, alipita hapohapo chuoni. Shemeji atashika kitu ambacho hata yeye huenda aliwahi kufanyia mtihani.

Akikataa kabisa, usimbembeleze mara ya pili mwaka huu. Mshukuru kwa aliyokwisha kuyafanya, na endelea kumpelekea machungwa msimu ukifika kama kawaida. Usimlazimishe binti kuhama ili kumfurahisha. Dirisha la kuhama kozi ni fupi, hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka wa kwanza, na anayehamishwa kwa nguvu ndiye ninayekutana naye mwaka wa pili ana masomo ya kurudia na hataki kupokea simu ya mama yake.

Mwisho, fedha. Umesema Bodi imempa pungufu. Kozi za sanaa kwa kawaida hazikai kundi la kwanza la vipaumbele, hilo hulibadilishi wewe. Lakini umeniambia baba yake amefariki, na hapo ndipo nataka mwangalie leo, kabla hajafunga begi. Kwenye maombi yake aliambatisha cheti cha kifo cha baba? Na cheti hicho kilihakikiwa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo? Wengi wanaweka nakala tu isiyohakikiwa, mfumo haumhesabu mtoto kama aliyefiwa na mzazi, anapangiwa kama mwenye wazazi wawili wenye kipato. Kama ndivyo ilivyokuwa, kamilisheni uhakiki, na Bodi ikifungua rufaa aombe akiwa na vielelezo vyote: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, cheti cha kifo, na barua ya serikali ya mtaa inayoeleza kipato chako. Pesa ya kula ya anayepata kamili ni shilingi 10,000 kwa siku, kwa hiyo ongezeko lolote utaliona. Kikoba kikope kiasi cha kumfikisha kwenye rufaa tu, godoro, ndoo na nauli, usikope cha mwaka mzima. Na bumu, hiyo pesa ya mkopo, likiingia asinunue simu.

Niandikie rufaa ikijibiwa.

Shangazi